Keki za Wanaanga

Mwalimu alikuwa na kalenda mbili jikoni. Ya kwanza alipewa bure kwenye duka la nyama pale Woolwich, London, na humo aliandika siku za daktari, siku za kutoa taka na zamu za kazi za mwanawe. Ya pili aliichora mwenyewe kwa rula na kalamu nyekundu. Hiyo ilikuwa na siku za kuzaliwa za watu waliokufa wakiwa safarini kwenda angani, au wakirudi, au wakiwa bado ardhini wakijifunza kwenda. Siku ya mmoja wao ilipofika, Mwalimu alioka keki.

Siku za vifo hakuziandika. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akaniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi.

"Siku waliyokufa kila mtu anaijua," alisema. "Bendera zinashushwa, watu wanavaa nyeusi, basi. Lakini mtu hakuzaliwa ili aje afe siku ile. Alizaliwa, akanyonya, akaanguka na baiskeli, akapenda kitu fulani kuliko kingine. Mimi naanzia hapo."

Keki zenyewe hazikuwa nzuri sana. Alipunguza sukari kwa ajili ya presha yake, halafu akaifidia kwa kuweka iliki nyingi mno, kiasi kwamba ukila kipande saa nne asubuhi ulikuwa bado unaisikia mdomoni wakati wa chakula cha jioni. Tulikula hivyo hivyo. Kabla ya kukata, alitaja jina kamili la mwenye siku yake, tena kwa matamshi ya kwao, kwa sababu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya mwanawe akisikiliza namna Warusi, Wamarekani na wengine wanavyojitaja. Kisha alipiga makofi, nasi tukapiga.

Nilimjua kwa miaka tisa. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari nyumbani Tanzania mpaka akastaafu, ndipo mwanawe akamleta London akae naye. Alikuja na koti moja zito na kiu ya kusimama mbele ya darasa, na haikuchukua muda akapata ukumbi mdogo nyuma ya soko la Woolwich, akaanza kufundisha watoto wetu Kiswahili kila Jumamosi asubuhi. Sote tulimwita Mwalimu. Hata Mwingereza aliyesimamia ukumbi alidhani ndilo jina lake la ukoo, akawa anamwandikia barua za "Mpendwa Bi. Mwalimu". Yeye alizibandika zote ukutani kwa furaha.

Mimi nilimpeleka Neema, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane. Neema alielewa kila nilichosema, lakini alinijibu kwa Kiingereza. Mama yangu alipopiga simu kutoka Dodoma, mazungumzo yao yalikuwa ya kutabasamiana tu kwenye kioo cha simu. Lilinichoma hilo. Nilikuwa nimejiandaa kusikia watoto wakiimbishwa "hii ni meza, lile ni dirisha", na mwenyewe nilikuwa tayari kuridhika na meza na dirisha.

Siku ya kwanza Mwalimu aliandika ubaoni neno moja: chombo.

"Chombo ni nini?" aliuliza.

Mtoto mmoja akanyanyua sahani ya biskuti.

"Sawa. Sahani ni chombo. Meli nayo ni chombo. Na hiki hapa," akachora roketi iliyonenepa kidogo katikati, "ni chombo pia. Asubuhi moja ya baridi kali sana, watu saba waliingia ndani ya chombo kama hiki. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, kama mimi."

Akawaeleza kwamba chombo kiliruka, na kwamba kabla ya dakika mbili kutimia kilivunjika angani, na wale saba hawakurudi. Alisema kwa sauti ya kawaida, polepole, akichagua maneno mafupi. Kisha nikasikia sauti ya Neema, akitafuta maneno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mwalimu... kwa nini... hawakuvaa sweta?"

Wazazi tuliokuwa nyuma tulitaka kucheka. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Hilo ndilo swali lenyewe. Watu walikuwa na nguo zao. Mpira ndio haukuwa na sweta."

Akachukua glasi ya maji yenye barafu, akatumbukiza mpira mnene wa kuzibia bomba, akangoja, akautoa, akaubana kwa vidole. Ulikuwa umekakamaa. Akawapa waushike kila mmoja. Aliwaeleza kwamba ndani ya roketi ile kulikuwa na mpira mkubwa wa kuzuia moto usipenye kwenye maungio, na kwamba baridi iliufanya uchelewe kunyumbuka. Njiani kurudi nyumbani, ndani ya basi, Neema aliniambia kwa Kiswahili kilichovunjika vipande vipande kwamba mpira ulisikia baridi na hakuna aliyeuliza hali yake. Nililia pale kwenye basi, na haikuwa kwa ajili ya roketi. Jioni ile alimsimulia bibi yake hadithi nzima kwenye simu, na mama yangu akaniuliza ni shule gani hiyo ninayompeleka mjukuu wake.

Tangu siku hiyo nikawa nabaki darasani, kwanza kumimina chai, baadaye kama msaidizi.

Hakuna somo lililoanza bila ukaguzi. Mwalimu alisimama mlangoni na karatasi mkononi, akaita kwa sauti kubwa.

"Chaki?"

"Tayari!"

"Maji ya kunywa?"

"Tayari!"

"Mlango wa nyuma, unafunguka?"

Mtoto wa zamu alikimbia, akausukuma, akarudi. "Tayari!"

Kuhusu mlango hakuwa na mchezo. Aliwahi kuwasimulia juu ya wanaanga watatu waliofungiwa ndani ya chombo kilichokuwa bado kimesimama ardhini, kwa mazoezi tu, moto ukazuka, na mlango ulikuwa wa kufungukia ndani, hivyo haukuweza kufunguliwa kwa wakati. "Baada ya hapo wakaubadilisha," alisema. "Ukawa wa kufungukia nje, tena upesi. Kila anayepita mlango ule mpya anapitishwa na wale watatu."

Katika ukaguzi huo kulikuwa na sheria moja. Mtoto yeyote, hata mdogo kuliko wote, aliweza kusema "Bado!" na shughuli nzima ikasimama. Hakutakiwa kuomba radhi. Hakuna aliyeruhusiwa kumnunia. Kulikuwa na mtoto wa miaka sita, Juma, ambaye aligundua raha ya sheria hii, na Jumamosi moja akasema "Bado!" mara tano mfululizo: kiatu, kamasi, chapati ambayo hajaimaliza, kiatu cha pili, na mwisho akasema bado lakini amesahau kwa nini. Mwalimu alisimama na karatasi yake kila mara, uso mtulivu, akangoja.

"Mwalimu, huyu anakuchezea," nilimnong'oneza.

"Najua. Acha azoee kusema. Kunyamaza atafundishwa na dunia."

Usidhani kwamba mtu huyu alikuwa mwoga. Kila kiangazi, watu wa mabembea walipokuja kuweka mashine zao kwenye uwanja wa wazi, Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika. Alimwendea kijana mwendesha mashine, ile inayozunguka huku imepinduka, akamhoji. Nati hii inakaguliwa na nani? Lini mara ya mwisho? Pini hii ikichomoka, ya pili iko wapi? Kijana wa watu mwanzoni alidhani ametumwa na halmashauri. Foleni ilinung'unika nyuma yetu. Aliporidhika, Mwalimu alivua miwani, akanikabidhi, akafunga kilemba chake vizuri, akapanda. Alipiga kelele zilizosikika mpaka barabarani, akashuka ameloa machozi ya kicheko, akapanga foleni tena. Mara tatu. Alikuwa ameshavuka miaka sabini.

"Unawauliza yote hayo halafu unapanda?" nilimwambia.

"Nawauliza ili nipande, mwanangu. Ningekuwa sitaki kupanda ningeuliza ya nini?"

Na mtu huyo huyo aliwaogopa njiwa. Njiwa mmoja akitua mbele yake sokoni, Mwalimu aliruka nyuma yangu akanishika mabega kama ngao. Tena barabarani alikuwa hatari kabisa: alivuka akiwa anaongea, mkono mmoja hewani, taa nyekundu ikimwakia usoni. Watoto arobaini macho yake yaliwaona, taa moja hayakuiona. Neema ndiye aliyekuwa akimdaka kwa mkono. "Mwalimu, bado!" alimpigia kelele, na Mwalimu akasimama palepale, kwa utii wote.

Si kila mzazi alimpenda. Baba Salma, dereva wa basi, mtu wa heshima zake, alikuja Jumamosi moja kabla ya somo akiwa bado na sare ya kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mwalimu, mwanangu halali. Nimemleta ajifunze lugha, sasa ananiuliza watu watatu walikosaje hewa wakati wanarudi nyumbani. Hawa ni watoto. Kuna haja gani ya kuwaletea vifo?"

Ilikuwa hadithi ya wiki iliyopita, ya wanaanga waliokuwa wakirudi salama kabisa, kisha kijitundu cha hewa kikafunguka kabla ya wakati, na chombo kikatua vizuri na watu wameketi kwenye viti vyao, wamekufa. Nilitegemea Mwalimu ajitetee. Alikuwa hodari wa kubishana, aliwahi kumshinda fundi wa mashine ya kufulia kwa nadharia tupu. Lakini akasema, "Nimekosea, baba. Ile niliisimulia vibaya. Niliishia kwenye viti. Nisamehe."

Wiki mbili alifundisha matunda na wanyama. Watoto walikaa kama wamenyeshewa. Wiki ya tatu Baba Salma alirudi, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Mwalimu, endelea tu na mambo yako. Juzi Salma amekagua jengo letu lote. Mlango wa dharura wa ghorofa ya nne kulikuwa na sofa. Si letu. Amekataa kula mpaka nilishushe. Nimelishusha. Mgongo wangu ndio huu."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaimalizia ile hadithi pale alipokuwa hajafika: kwamba tangu siku ile, wanaanga wa vyombo vile huvaa suti za kuwalinda wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, na wengi wamerudi salama tangu hapo. Salma akauliza, "Hata kama ni joto?" "Hata kama ni joto."

Sasa niseme lililonipata mimi.

Wakati huo nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ya mtu binafsi, siyo mbali na kwetu. Kibali changu cha kuishi Uingereza kilikuwa kimefungwa kwenye ajira ile. Ukifukuzwa, una siku sitini tu za kutafuta mwajiri mwingine, la sivyo ufungashe, wewe na mtoto. Kila mfanyakazi wa aina yangu aliijua hesabu hiyo na kila msimamizi alijua kwamba tunaijua.

Kulikuwa na mashine ya kumnyanyua mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Unampitishia kitambaa kigumu chini ya mwili, unaning'iniza mikanda yake kwenye ndoano, unabonyeza, anapaa. Alhamisi moja asubuhi nilikuwa namwandaa bibi mmoja Mwingereza, mwembamba, mcheshi, aliyependa kutuimbia nyimbo za ujana wake akiwa hewani. Niliposhika mkanda wa bega nikahisi nyuzi zimefumuka. Nikaugeuza. Mshono ulikuwa umefunguka karibu nusu.

Nikamwita msimamizi wa zamu. Akautazama kwa haraka.

"Mpya unakuja Jumatatu. Huu umetumika wiki nzima na hakuna kilichotokea. Mpandishe, tumechelewa."

Wiki nzima na hakuna kilichotokea. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba ule mpira wa roketi ulikuwa umeonekana umeungua kwenye safari za nyuma, na safari zile zikarudi salama, na kila chombo kiliporudi watu walizidi kuuzoea. Kwamba jioni ya kabla ya safari ile ya mwisho mafundi walisema kuna baridi, tusirushe, na wakubwa wao wakawapa kisogo. Nikamwona Neema akilini mwangu, anavyonijibu siku hizi kwa Kiswahili. Nikaona masanduku. Nikaona uwanja wa ndege.

"Bado," nikasema.

"Nini?" akauliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa sijajua kwamba nimesema kwa sauti, tena kwa Kiswahili. Nikarudia kwa lugha yake: sipandishi. Bibi atakula kitandani leo. Ukitaka, mpandishe wewe, na mimi nitaandika kwamba nimekataa.

Hakumpandisha. Hakuna anayetaka kushika kitu akijua jina lake litaandikwa. Bibi alikula mayai yake kitandani, akaniambia anajisikia kama malkia. Mimi niliitwa ofisini saa sita. Meneja mkuu alikuwa na ule mkanda mezani. Aliuvuta kidogo kwa vidole viwili, akauacha. Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Akapiga simu. Mikanda mipya ikafika alasiri kwa teksi. Kumbe Jumatatu inaweza kuletwa siku ya Alhamisi.

Usiku wa siku ile na wa kesho yake sikulala, nikingoja barua ya kufukuzwa. Haikuja. Jumamosi nilimsimulia Mwalimu tukiwa tunapanga viti, na nilipofika mwisho nikamwambia kinachonisumbua: kwamba labda mkanda ule usingekatika. Labda nilihatarisha maisha ya mwanangu kwa uzi tu.

"Labda," alisema. "Hutajua kamwe. Ndiyo raha yake hiyo!" Akaniacha na viti, akaenda kwenye jiko la ukumbi, nikamsikia anafungua makabati. Somo lilipoisha kulikuwa na keki mezani, bado ya moto, imepasuka katikati. Akawaita watoto wote.

"Leo siyo siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote," aliwatangazia. "Leo tunakula kwa ajili ya ajali ambayo haikutokea. Hizi hazina picha, hazina sanamu, hakuna anayezisoma redioni. Mama Neema ameizuia moja. Mpigieni makofi."

Watoto walipiga makofi kama wendawazimu. Juma alisema "Bado!" akapewa kipande kikubwa zaidi. Iliki ilikuwa nyingi kuliko siku zote. Sijawahi kula keki tamu kama ile.

Mwaka uliofuata mwanawe alihamia Ilford, mtaa mwingine wa London, na kumchukua, na darasa tukaliendesha sisi wengine kadiri tulivyoweza. Tulikuwa tunapigiana simu. Kisha masika ya mwaka jana akaniambia kwamba anarudi Tanzania moja kwa moja, magoti yamechoka na baridi, tiketi imeshakatwa.

"Nina Jumanne moja tu iliyobaki," alisema. "Kuna makumbusho mjini wana chombo kilichotoka angani. Cha kweli. Twende."

Nilishangaa. Miaka yote ile hakuwa amewahi kukiona hata kimoja. Alikuwa na picha, vitabu, majina, siku za kuzaliwa. Nilimpokea kituoni akiwa na fimbo na kilemba cha njano, amevaa kama anaenda harusini.

Chombo kilikuwa kidogo kuliko tulivyofikiri. Kimekaa kwenye kibao chake kama kengele nene, kimeungua pande zote, kahawia na nyeusi, mahali pengine kimebambuka kama sufuria iliyosahauliwa mekoni. Karibu yake palikuwa na mwavuli wake mkubwa wa kushukia, wa rangi. Mwalimu alikizunguka polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Alichungulia mlango na kunong'ona, "Unafungukia nje?" Alichungulia viti vitatu vilivyobanana ndani.

Akaniomba nimsomee kibao kwa sababu miwani ilikuwa imepata ukungu. Nikamsomea: watu watatu, miezi yao huko juu, mahali walipotua.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Mwalimu. Wote watatu walishuka wazima."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari za nyumbani. Kisha aliegemeza fimbo kwenye kizuizi, akajifunga kanga yake vizuri juu ya koti, akainama kidogo mbele ya kile chuma kilichoungua, kama unavyomwinamia mgeni anayetua mizigo sebuleni.

"Poleni na safari," akasema.

Watu waliokuwa karibu waligeuka. Hakukuwa na mwingine wa kuitikia pale, nikaitikia mimi.

"Tumeshapoa, Mwalimu."

Akakitazama chombo, akanitazama mimi, na kicheko chake kikaujaza ukumbi mzima.